Injenieri anayetaka kuwa shefu: masteri ya uongozi inamfundisha nini, na ni nani anayepaswa kuisoma?

Wakaaji wa Bukavu wanajua vizuri habari ya takataka za Ruzizi. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki na uchafu wa kila aina vinashuka kutoka milima ya muji mpaka Ziwa Kivu, kiisha maji yanavisukuma mpaka pale mto Ruzizi unapoanzia. Pale njo kuna kiwanda cha umeme cha Ruzizi I, cha SNEL. Takataka zinaziba mahali maji yanapoingilia, mashine zinasimama ama zinapunguza nguvu, na watu wanabaki gizani.

Tujiulize: hiyo ni shida ya injenieri ama si yake? Injenieri anaweza kusimamisha mashine, kuita watu wa kuzamia maji, kusafisha na kuwasha tena. Lakini mvua ya kesho itarudisha plastiki zilezile, sababu shida inaanzia kule juu kwenye makartie. Ili kuipunguza, lazima mtu mmoja akae na meya na mashefu wa kartie. Lazima apige hesabu ya feza inayopotea kila siku mashine inapolala, na aonyeshe wakubwa wa Kinshasa kwamba kulipa watu wa kuokota takataka ni bei ndogo kuliko kutengeneza mashine iliyoharibika. Mambo hayo hayamo katika somo la turbine.

Njo pale wengi wanakwama. Vijana wetu wanatoka kwenye vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Lubumbashi na kwingine na diplome za ujenzi, umeme, migodi ao maji. Wanapata kazi, wanafanya kazi vizuri. Miaka mitano, kumi inapita, wao wako palepale kwenye shantie, na kila mradi mpya unaletewa shefu kutoka mbali. Wengine wanasema ni ubaguzi. Wengine wanasema ni kukosa ndugu mkubwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mtu anaweza kuifanyia kitu yeye mwenyewe: kuongoza kazi ni ufundi tofauti, na shuleni hakufundishwa.

Siku hizi kuna masomo ya ngazi ya masteri yanayofundisha ufundi huo kwa watu ambao tayari ni mainjenieri. Vyuo vingine vinayaita manejimenti ya uinjenieri, vingine uongozi wa miradi ao wa teknolojia. Wasikilizaji wengi wanatuuliza kama yanafaa, yanapatikana wapi, na nani anayalipa. Hapa tunajaribu kujibu.

Wazo hili lilitoka kwa injenieri wa migodi

Mwanafunzi yeyote wa gestion hapa Congo amesikia jina la Henri Fayol. Wachache wanakumbuka kwamba hakuwa mtu wa biashara. Fayol alizaliwa mwaka 1841, akasoma shule ya migodi ya Saint-Étienne huko Ufaransa, akamaliza mwaka 1860 akiwa na miaka 19. Akaingia kazini katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kiufundi kabisa: kupigana na moto unaowaka chini ya ardhi katika makaa. Mwaka 1888 akapewa kuongoza kampuni nzima, wakati kampuni hiyo ilikuwa karibu kufilisika. Akaisimamisha tena, na akaiongoza mpaka mwaka 1918.

Mwaka 1916 alitoa kitabu kuhusu yale aliyoyaona. Alisema kuongoza ni mambo matano: kuona mbele, kupanga, kuamuru, kuunganisha kazi za watu mbalimbali, na kukagua. Kisha alisema neno lingine: kadiri mtu anavyopanda cheo, ujuzi wa kiufundi unapungua uzito na ujuzi wa kuongoza unaongezeka. Aliona shule za mainjenieri zinajaza vijana hesabu nyingi, na hazifundishi uongozi hata kidogo.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na malalamiko yake yangali yanafanana na yale ya shantie zetu. Masteri hii inajaribu kuziba pengo hilo.

Yanayofundishwa: mfano wa mradi wa maji

Programu zinatofautiana, lakini karibu zote zinazunguka mambo manne: feza, wakati, kontra na watu. Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone.

Tuseme kuna mradi wa kupeleka maji ya bomba katika groupement moja. Budje ni dola 200 000, na kazi ni ya miezi kumi. Mwisho wa mwezi wa tano, mpango ulisema kazi ya dola 100 000 iwe imekwisha. Injenieri wa shantie anaandika rapori: mifereji imechimbwa, tanki imeanza kupanda, mafundi masoni wanafanya kazi vizuri. Yote ni kweli, na kila mtu anafurahi.

Mtu aliyesoma uongozi anauliza maswali mawili zaidi. La kwanza: kazi iliyofanyika kweli ina thamani ya dola ngapi kufuatana na devi? Jibu: 80 000. La pili: feza iliyotoka ni ngapi? Jibu: 110 000. Sasa hesabu ni ndogo, hata mtoto wa shule anaiweza. Ukigawanya 80 000 kwa 110 000, unapata 0,73. Maana yake kila dola iliyotoka ilileta kazi ya senti 73 tu. Kazi ikiendelea hivyo, mradi mzima utakula dola karibu 275 000, na mfuko una 200 000. Dola 75 000 zinakosekana, na leo ni mwezi wa tano, bado kuna nafasi ya kurekebisha. Yule ambaye hakupiga hesabu hiyo atagundua mwezi wa nane, tiyo ziko chini na pompe haijanunuliwa. Raia nao watabaki na mifereji mikavu, kama tunavyoona mahali pengi.

Hiyo ni feza. Wakati nao una hesabu yake. Beto, kwa kawaida, inahesabiwa siku 28 ndipo nguvu yake inapimwa. Pompe ikiagizwa kupitia Mombasa, inapita Uganda mpaka mpaka wa Kasindi, na douane ina siku zake. Mvua nayo haingoji mtu. Kiongozi wa mradi anajifunza kupanga kazi hizi kama mnyororo, na kutambua ni zipi zikichelewa siku moja zinachelewesha mradi wote siku moja, na zipi zina nafasi ya kupumua. Mara nyingi kitu cha kwanza cha kufanya ni kuagiza pompe, hata kabla ya kuchimba.

Kuhusu kontra, injenieri wengi wanasoma plani na kuacha karatasi zingine. Lakini karatasi hizo njo zinaamua nani analipa siku njia inapofungwa na vita, ni feza ngapi inazuiliwa mpaka kazi ipokelewe kabisa, na faini ya kuchelewa ni kiasi gani. Katika inchi yetu, mwenye kutafuta kazi za serkali lazima ajue sheria namba 10/010 ya tarehe 27 aprili 2010 kuhusu masoko ya umma. Mwenye kufanya kazi katika migodi lazima ajue kwamba Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya raia, na isaini pamoja nao mapatano ya kazi za kijamii. Injenieri anayeketi mbele ya machifu na mashirika ya raia kujadili mapatano hayo anahitaji masikio kuliko kalkulatrisi.

Na watu? Hapa kila mtu anadhani anajua. Kumbe kuachisha mtu kazi bila kuvunja sheria, kupatanisha vikundi viwili vya wafanyakazi, kumwambia mfadhili habari mbaya kabla hajaisikia kwa wengine, kuandika rapori ya kurasa mbili ambayo waziri ataisoma, yote hayo yanafundishwa na yanafanyiwa mazoezi.

Si kila masteri ni sawa

Kuna njia nne ambazo watu wanachanganya.

Masteri ya kiufundi inakuingiza ndani zaidi ya fani yako: mabarabara, umeme wa nguvu kubwa, miamba. Inafaa mtu anayetaka kuwa mtaalamu ama kufundisha chuo kikuu.

MBA ni ya kila mtu: daktari, mwanasheria, mtu wa benki. Inafundisha biashara kwa mapana, masoko, feza za kampuni. Inafaa injenieri anayetaka kuacha ufundi na kuingia katika biashara yenyewe.

Masteri ya uongozi wa uinjenieri iko katikati. Haikuondoi katika ufundi. Inadhani unajua tayari kusoma plani, inakuongezea yale ya kuongoza wanaozichora na wanaozijenga.

Njia ya nne si diplome ya chuo. Ni cheti cha PMP, cha shirika la Marekani la Project Management Institute. Mwenye diplome ya chuo kikuu ya miaka mine anaombwa awe ameongoza miradi miezi 36 na asome saa 35 za mafunzo, kisha afanye mtihani wa maswali 180. Mashirika mengi ya kimataifa na makampuni ya migodi yanakitambua. Kwa mtu mwenye familia ambaye hawezi kuacha kazi, hii inaweza kuwa bei nafuu na ya haraka kuliko masteri.

Lini, na kwa diplome gani?

Watu wengi wanataka kuunganisha: kumaliza leo, kuanza masteri kesho. Kwa masomo ya ufundi hiyo ni sawa. Kwa masomo ya uongozi, tunaona ni kupoteza nusu ya feza. Mwalimu atakuuliza ulifanya nini siku wafanyakazi walipogoma, siku simenti ilipokosa, siku mfadhili alipokata budje. Kama hujaishi siku hizo, utakariri tu. Miaka miwili mpaka mitano ya shantie kwanza inasaidia, na burse nyingi zenyewe zinadai hivyo.

Kuhusu diplome, kumbuka kwamba Congo imeingia katika mfumo wa LMD: lisanse miaka mitatu, masteri miaka miwili, doktora miaka mitatu. Waliosoma mfumo wa zamani walikuwa na gradua ya miaka mitatu na lisanse ya miaka miwili juu yake. Neno lisanse ni lilelile lakini uzito si uleule. Ukituma dosie kwenye chuo cha inje, usiandike tu «lisanse». Andika idadi ya miaka uliyosoma, na tia rileve za kila mwaka. Tumesikia watu wenye miaka mitano ya masomo kuhesabiwa kama wenye mitatu, juu ya kukosa maelezo ya mstari mmoja.

Wapi, na nani analipa?

Kwa Kiingereza, chuo kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kina shule nzima ya uongozi wa teknolojia kwa mainjenieri, na kinatoa masteri ya uongozi wa uinjenieri na ya uongozi wa miradi. Kwa Kifaransa, taasisi ya 2iE ya Ouagadougou, Burkina Faso, inafundisha mainjenieri wa maji, nishati na mazingira, na ina masomo ya mbali kwa intaneti. Umoja wa Afrika una chuo chake, Pan African University. Tawi lake la Tlemcen, Algeria, linafundisha maji na nishati kwa njia mbili: njia ya uinjenieri na njia ya siasa na mipango ya sekta hiyo. Umoja wa Afrika unatoa burse kwa wanaochaguliwa.

Kwa burse za mbali zaidi, Wakongomani wanaweza kuomba Chevening ya Uingereza. Inalipa masteri ya mwaka mmoja, inadai saa 2 800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, na inakulazimisha kurudi inchini kwako kwa miaka miwili. Ujerumani, kupitia DAAD, ina programu za masteri za maendeleo kwa watu wenye kazi ya miaka miwili, na diplome yao isipite miaka sita. Hiyo ya miaka sita inawaangusha wengi wanaongoja sana. Ubelgiji nao, kupitia ARES na VLIR-UOS, unapokea watu wa Congo. Lakini burse za Commonwealth usijichoshe nazo: Congo si mwanachama wa Commonwealth.

Kitu kimoja kinarudi kila mahali: Kiingereza. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi anaweza kuhitaji mwaka mzima wa kujiandaa kwa mtihani wa IELTS ama TOEFL. Anzia hapo, kabla ya kutafuta chuo.

Mitego

Burse ya kweli haikuombi feza ya «kufungua dosie» kwa simu. Mtu anayekuambia ana nafasi imebaki moja, utume dola 150 leo jioni, mkatie simu.

Chuo chochote, cha hapa ama cha intaneti, uliza kwanza kama kinatambuliwa na serkali ya inchi kinapokaa. Ukisoma inje, diplome yako itahitaji ekivalansi kwenye wizara ya masomo ya juu na vyuo vikuu, Kinshasa. Uliza wizara mapema ni karatasi gani zitahitajika, usingoje kurudi. Familia inayouza lupango ili mtoto asome ina haki ya kujua hayo kabla ya kuuza.

Angalia pia orodha ya masomo, si jina peke yake. Masteri inayojiita ya uongozi wa uinjenieri lakini haina somo la feza, la kontra, wala mradi wa mwisho unaofanyika katika kampuni ya kweli, ni jina tu.

Diplome haitafungua kila mlango

Tuseme ukweli. Kuna biro ambako cheo kinatolewa kwa ukoo, kwa kabila, ama kwa bahasha. Masteri haiondoi hayo. Wanawake mainjenieri nao wanakuta ukuta mwingine: wengi wanaamini mama hawezi kuamuru wanaume mia kwenye shantie. Diplome inampa mtu hoja, lakini haiwabadilishi wakubwa wake.

Lakini nafasi zinakuwepo, na zinataka watu walio tayari. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 februari 2017 inaweka kazi za su-tretansi mikononi mwa makampuni ya Wakongomani. Ni nani atakayeongoza makampuni hayo? Kule Haut-Uele, mgodi wa dhahabu wa Kibali ulipojenga kiwanda chake cha tatu cha umeme wa maji, Azambi, kilichowashwa mwaka 2018, kazi ilishikwa na wajenzi Wakongomani. Na Ruzizi II, inayosimamiwa na SINELAC, ni mali ya inchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Mtu anayefanya kazi ya uongozi mahali kama pale lazima ajue umeme, na lazima ajue kuketi na wawakilishi wa serkali tatu ambazo siku zingine hazisemezani.

Kwa yule asiyeweza kwenda sasa

Usingoje burse ndiyo uanze. Omba shefu wako akuachie utengeneze devi moja kamili, pamoja na bei za soko ulizozitafuta mwenyewe. Soma kontra ya mradi unaofanyia kazi kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila ijumaa, andika namba tatu katika kaye: kazi iliyopangwa, kazi iliyofanyika, feza iliyotoka. Keti katika mikutano na raia hata kama haukuitwa, usikilize wanavyouliza.

Ukifanya hivyo mwaka mmoja, mambo mawili yanawezekana. Utaona kwamba kazi hiyo inakuchosha na roho yako iko kwenye mashine. Basi soma masteri ya ufundi, hakuna aibu, inchi inahitaji wataalamu pia. Ama utaona kwamba unaipenda. Hapo utakuwa na kaye iliyojaa namba na mifano ya kweli, na barua yako ya kuomba burse itakuwa na kitu cha kusema.